Oili ya gia boksi ikivuja baada ya kulifungua gari mwenyewe, usikimbilie kukaza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wenzangu tunaomiliki magari madogo ya otomatiki hapa Kigoma, hasa wale ambao, kama mimi, wameanza kufanya baadhi ya matengenezo kwa mikono yao ili kupunguza gharama. Ninalotaka kulisema ni jambo moja. Oili ya gia boksi ikianza kuvuja siku chache baada ya mtu kulifungua gari lake mwenyewe, chanzo karibu kila mara kiko pale pale alipogusa, na tiba yake ni kurudi hapo, kufungua, kusafisha na kufunga upya kwa utaratibu. Kukaza boliti zaidi, kupaka silikoni kwa nje na kuongeza oili kila mwisho wa wiki si matengenezo. Nimeyafanya yote matatu, na ilibaki kidogo tu gia boksi yangu iungue.

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 2003 ambalo, kama yalivyo mengi tunayoyaona yakipita kati ya Mwanga na Ujiji, lilifika nchini likiwa limekwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa. Mvua zilipokatika niliamua kubadilisha oili ya gia boksi pamoja na chujio lake, kwa sababu oili ilikuwa imegeuka rangi kama chai iliyokolea na gari lilikuwa likichelewa kidogo kushika gia asubuhi. Nililiinua uani kwangu, nikamwaga oili, nikashusha sampu, yaani lile bakuli la bati la chini linalobeba oili, nikaweka chujio jipya na gasketi mpya, nikarudisha boliti zote, kisha nikajaza oili. Kazi ilinichukua asubuhi nzima, na jioni gari lilikwenda stesheni na kurudi bila tatizo lolote. Siku ya tatu mke wangu alikuwa akifagia uani alfajiri, akaniita: "Baba Neema, nani kamwaga mawese hapa?"

Kwa mtu wa Kigoma swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Doa lililokuwa kwenye saruji lilikuwa jekundu, linang'aa, limetanda upana wa sahani, na mtu yeyote aliyezoea kuona mawese yakidondoka kutoka kwenye madumu sokoni angefikiri hivyo hivyo. Niliinama nikaligusa. Mawese ya alfajiri huwa yameanza kuganda na yana harufu yake tunayoijua tangu utotoni, lakini hii ilikuwa nyepesi, inateleza vidoleni kama hariri, na harufu yake ilikuwa ya duka la spea. Nawaomba wenye magari wajizoeze kutambua jambo hili, kwa kuwa rangi ya tone chini ya gari ni habari ya kwanza na ya bure. Oili ya injini ikiwa mpya ni ya rangi ya asali, ikichakaa ni nyeusi. Maji safi yasiyo na rangi wala utelezi chini ya upande wa abiria mara nyingi ni ya kiyoyozi. Oili ya gia boksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu ikiwa mpya. Hata hivyo dawa ya rejeta ya Toyota nayo huweza kuwa nyekundu au ya waridi, na magari mengine hutumia oili hiyo hiyo nyekundu kwenye usukani, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Dawa ya rejeta huchanganyika na maji ukiimwagia, ilhali oili huelea juu yake na kufanya utando wa rangi nyingi.

Nilimwita kijana fundi wa jirani. Alilala chini ya gari kwa dakika mbili, akatoka na kuniambia, "Mwalimu, hapa hukukaza," akachukua spana ndefu na kuzikaza boliti zote za sampu mpaka zikalia. Siku hiyo hakuna kilichodondoka. Kesho yake vilidondoka vitone viwili, na baada ya wiki moja doa lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Simlaumu kijana yule, kwa sababu hata mimi niliamini kuwa kinachovuja kimelegea, na hiyo ndiyo imani inayotugharimu.

Sampu ya gia boksi ni bati jembamba lililokunjwa kingo, na gasketi inayokaa kati yake na mwili wa gia boksi ni kitu laini, iwe ya mpira au ya kizibo. Kazi ya boliti zile ni kuibana gasketi kwa usawa kila mahali. Boliti moja ikikazwa kupita kiasi, bati hujikunja kuelekea juu kuzunguka tundu lake, gasketi hukamuliwa nje pale penye boliti, na katikati ya boliti mbili hubaki upenyo usioonekana kwa macho. Ukizikaza zote kupita kiasi unakuwa umetengeneza njia nyingi za oili mahali palipokuwa na moja. Kipimo cha kiwanda kwa boliti za sampu za magari madogo kama langu ni nguvu isiyofika nyutoni-mita 10, wakati nati ya tairi ya gari hilo hilo hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Kwa mtu asiye na spana ya kupimia mkazo, nitalieleza kwa mizani ya nyumbani: nyutoni-mita 8 ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 4 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 20, na nati ya tairi kwenye spana hiyo hiyo ingetaka kilo zaidi ya 50. Boliti ya sampu hukazwa kwa kiganja na spana fupi. Anayeining'inia kwa uzito wa mwili anaiharibu, na kwa kuwa mwili wa gia boksi ni wa aluminiamu, chuma laini, anaweza pia kuzila nyuzi za tundu, na hapo gharama hubadilika kabisa.

Hatua yangu ya pili ilikuwa silikoni. Niliipaka kwa nje kuzunguka ukingo wote wa sampu, juu ya oili, juu ya vumbi jekundu la barabara zetu, nikaiacha ikauke usiku kucha. Silikoni haishiki kitu chenye oili. Asubuhi ilivulika kwa kidole kama ngozi ya maziwa. Waliopaka kwa ndani, juu ya gasketi, wanajiweka katika hatari kubwa zaidi, kwani gasketi ikipakwa silikoni huteleza na kutoka mahali pake inapobanwa, na vipande vinavyokatika ndani huogelea kwenye oili hadi kwenye chujio. Nitakuwa mkweli kwa upande mwingine pia: yapo magari ambayo kiwanda hakikuyawekea gasketi kabisa, bali utepe mwembamba wa silikoni maalumu uliopakwa kwenye chuma kikavu na kisafi na kuachwa ukauke muda ulioandikwa kwenye tyubu. Huko silikoni ni halali, na penye gasketi ya mpira haina kazi.

Hatua ya tatu ndiyo inayonitia uchungu hadi leo, kwa sababu ilikuwa ya uvivu. Niliamua kuishi na tatizo. Kila Jumamosi niliongeza oili kidogo, nikajiambia kuwa gari linatembea. Duka moja la spea nililokwenda, nilipoomba oili ya gia, muuzaji aliniuliza kama nataka namba 90 au haidroliki, yaani ile nyekundu ya otomatiki. Namba 90 ni oili nzito ya gia boksi za kawaida na difu, na mtu akiimimina kwenye gia boksi ya otomatiki ameiua. Hilo nililijua. Nikasema haidroliki, nikauliza ya aina gani, akanijibu, "Haidroliki zote ni sawa, mzee." Wiki iliyofuata ndipo nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikavaa miwani na kusoma maandishi yaliyochongwa juu yake: T-IV, aina ya oili ambayo Toyota inaitaka kwenye gia boksi hiyo. Chupa niliyouziwa ilikuwa ya WS, aina nyingine ya Toyota, ambayo ni nyepesi zaidi na haikukusudiwa kuchukua nafasi ya T-IV. Nusu ya chupa ilikuwa tayari imeingia Jumamosi iliyotangulia. Tangu hapo nimezungumza na watu wengi wenye magari, na wengi hawajui kuwa jibu la swali la muuzaji mara nyingi limeandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari, na kwamba zile gia boksi mpya zisizo na hatua, zinazoitwa CVT, zina oili yao peke yake isiyochanganywa na nyingine yoyote.

Siku niliyokwenda Kasulu kumzika ndugu yangu, gari lilikubali vizuri mpaka tulipoianza miinuko. Barabara ilivyozidi kupanda, injini iliunguruma kwa nguvu huku mwendo ukipungua, kana kwamba mtu amekanyaga klachi, halafu gia ikashika kwa kishindo, halafu ikaachia tena. Nyuma yetu palikuwa na lori lililosheheni. Nilisogea pembeni, nikasimama nusu saa, nikaongeza lita moja niliyokuwa nayo, tukaendelea polepole kwa hofu. Baadaye nilielewa kilichotokea. Katika gia boksi ya otomatiki, oili ndiyo msuli wenyewe: pampu huivuta kutoka kwenye sampu na kuisukuma kwa shinikizo ili kubana sahani za klachi zilizomo ndani. Kina kikipungua, na gari likielekea juu oili ikakimbilia nyuma, pampu huvuta hewa pamoja na oili, shinikizo linaanguka, sahani zinateleza badala ya kubana, na kuteleza huko huzalisha joto linalounguza sahani na oili yenyewe. Kwa hiyo anayesema "inavuja kidogo tu" anapaswa kujua kuwa madhara hayaji kidogo kidogo kama matone yanavyodondoka. Huja siku moja, mlimani, akiwa na abiria.

Niliporudi nilimpelekea gari fundi mmoja wa makamo wa Gungu, mtu wa maneno machache. Hakuchukua spana. Alichota maji akanawa, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Mwalimu, uligusa nini?" Nikaanza kumweleza gari linavyofanya, akanikatiza kwa upole: "Sikuulizi gari limefanya nini. Nakuuliza wewe uligusa nini, kuanzia boliti ya kwanza." Nikamtajia kila kitu kwa mpangilio. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Gia boksi iliyokuwa kavu kwa miaka, ikaanza kuvuja siku tatu baada ya kufunguliwa, haijazeeka ghafla, na hakuna haja ya kwanza kuwaza mambo makubwa ya ndani. Kuna orodha fupi ya vitu vilivyotoka mahali pake na kurudishwa, na kimoja kati ya hivyo hakikurudi sawasawa.

Aliosha chini ya gia boksi yote kwa brashi na dawa ya kusafishia breki mpaka chuma kikawa cheupe, akaacha ikauke, kisha akafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona maishani: akapuliza poda ya mtoto mchanga kuzunguka ukingo wa sampu, nati ya kumwagia na maungio yote yaliyo karibu. Akawasha injini, akaiacha ipate moto, akapitisha gia zote, akatembeza gari hadi njia panda na kurudi. Tulipoinama na tochi, poda nyeupe ilikuwa na michirizi miwili ya waridi. Mmoja ulianzia kona ya nyuma ya sampu, na mwingine, mwembamba kama uzi, ulitokea kwenye washa, ile pete ya kuzibia, ya nati ya kumwagia. Tone lenyewe lilikuwa likidondoka kutoka mahali pengine kabisa, sehemu ya chini zaidi, kwa sababu oili hutambaa na upepo wa mwendo huisukuma nyuma kabla haijaanguka. Bila kuosha kwanza tungeendelea kumhukumu asiye na hatia.

Washa ile ya nati ya kumwagia niliirudisha ya zamani. Ni pete ndogo ambayo hubanwa mara moja na kuchukua umbo la mahali pake, na ikifunguliwa inapaswa kutupwa. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya bodaboda ya kuifuata dukani.

Sampu ilishushwa upya. Fundi aliilaza juu ya gogo tambarare na kunionyesha kila tundu la boliti lilivyovimba kuelekea upande wa gasketi, kilima kidogo kuzunguka kila moja, ambavyo ukipitisha rula kwenye ukingo unaviona kwa mwanga unaopenya chini yake. Alivigonga kimoja kimoja kwa nyundo ndogo mpaka rula ikalala. Silikoni yangu na mabaki ya gasketi aliyakwangua kwa kipande cha mbao kilichochongwa ncha, akanikataza kabisa kutumia bisibisi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu unatosha kuwa mfereji wa oili. Sumaku zilizomo ndani ya sampu alizifuta na kunionyesha ute wa kijivu uliokuwa juu yake: huo ni uchakavu wa kawaida, lakini ukikuta vipande vya chuma vinavyosikika kwenye vidole, tatizo lako si gasketi tena. Matundu ya boliti yaliyoingia kwenye mwili wa gia boksi aliyakausha kwa kitambaa kilichosokotwa, kwani oili iliyonasa ndani ya tundu lisilo na upande wa pili huizuia boliti kufika mwisho, na anayekaza hudhani imebana kumbe imesukuma oili, na wakati mwingine tundu lenyewe hupasuka.

Gasketi mpya aliiweka kavu. Boliti zote alizianzisha kwa vidole, hata ile ya mwisho, ndipo akashika spana fupi na kuzunguka akiruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mzunguko wa kwanza kugusa tu, wa pili kubana, wa tatu kumalizia. Niliangalia mkono wake wakati wa mzunguko wa tatu. Mshipa wa mkono haukutokeza.

Kuhusu kujaza na kupima nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojitengenezea uvujaji ambao si uvujaji. Kumwaga oili kwa nati hakutoi oili yote, kiasi kikubwa hubaki ndani ya kibadili nguvu kilicho kati ya injini na gia boksi na kwenye mipira ya kupoozea. Anayesoma kitabu akaona ujazo wote, akaumimina wote, amejaza kupita kiasi. Oili iliyozidi hupigwa na gia zinazozunguka mpaka ikatoa povu, na povu hutafuta njia kupitia pumuo, yaani tundu la kutolea hewa lililo juu, likateremka ubavuni na kulowesha kila kitu. Mwenye gari huona oili, hukaza boliti, na hadithi yangu inaanza upya kwake. Njia salama ni kuipima ile iliyotoka kwa chupa zenye alama za lita, ukarudisha kiasi kile kile, kisha ukapima kwa kijiti. Kwenye Toyota kama yangu unapima gari likiwa mahali tambarare, oili ikiwa ya moto baada ya mwendo, injini ikiwaka, mkono wa gia ukiwa umepitishwa kila nafasi na kurudishwa kwenye maegesho, na unasoma alama za moto, si zile za baridi. Honda nyingi hutaka uzime injini kwanza na kupima ndani ya dakika moja hadi moja na nusu. Yapo magari yasiyo na kijiti kabisa, ambayo hupimwa kwa nati ya ubavuni oili ikiwa kwenye joto maalumu, na hayo ningewashauri wenyewe wayapeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kusoma joto hilo.

Yapo makosa mengine ya mikono yetu ambayo nimeyaona kwa majirani tangu watu waanze kuja kwangu na maswali. Aliyebadilisha mpira wa sivi jointi, lile fundo la shafti inayozungusha tairi, na kuchomoa shafti kutoka gia boksi, akakuta oili ikichuruzika upande wa tairi, aangalie sili ya shafti, yaani pete ya mpira inayozuia oili pale shafti inapoingia: meno ya shafti hukata mdomo wa mpira yanaporudishwa bila kuinyoosha shafti na bila kupaka oili kidogo kwenye mdomo huo. Sili mpya hugongwa ikiwa imenyooka, kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake wa nje. Aliyebadilisha rejeta aangalie mipira miwili ya oili inayoingia humo, kwa kuwa mpira mgumu uliochomolewa kwa nguvu hupasuka mdomoni na kibanio kilichowekwa juu ya ukingo hakibani. Na kijana mmoja wa mtaani kwetu alikusudia kubadilisha oili ya injini, akafungua nati ya gia boksi, akamwaga oili nyekundu yote iliyotoka, kisha akaongeza lita nne kwenye injini iliyokuwa imejaa. Kwa bahati aliona kosa kabla hajawasha. Ukiona oili inayotoka ni nyekundu nawe ulitarajia nyeusi, simama hapo hapo.

Katika yote hayo sijasema neno kuhusu jeki, nami nalisema sasa kwa uzito wote. Jeki ni ya kuinulia, haikutengenezwa kushikilia gari mtu akiwa chini yake. Weka stendi za chuma au magogo mapana yaliyokatwa sawasawa, zuia matairi yaliyobaki chini, litikise gari kwa nguvu kabla hujaingia. Usitumie tofali, kwa kuwa tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Iache oili ipoe kabla ya kuimwaga, na ile inayodondokea kwenye ekzosi usiipuuze, kwa sababu moshi unaouona unaweza kufuatiwa na moto.

Ninayo maombi kwa makundi matatu. Wauzaji wa spea, tafadhali mwambieni mteja alete maandishi ya kwenye kijiti kabla ya kumpa chupa, na wekeni washa ndogo zile kwenye rafu, kwani ni aibu pete ya shaba kusubiriwa kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mafundi wetu, mtu akija na gari alilolifungua mwenyewe msimcheke, maana akichekwa ataficha alichogusa, na kilichofichwa ndicho mnachokitafuta. Na chuo cha ufundi cha VETA hapa Kigoma, ambacho kimewafunza vijana wengi ufundi wa magari, kingetusaidia sana kikifungua kozi fupi ya jioni kwa wenye magari: namna ya kushika spana, kusoma kijiti, kutambua aina za oili na kulikalisha gari juu ya stendi. Mimi mwenyewe ningekaa dawati la mbele.

Gari langu sasa limemaliza miezi minne likiwa kavu. Kila jioni kwa wiki mbili za kwanza nililitandikia kadibodi ya boksi la sabuni, na asubuhi mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuikagua kwa tochi kabla ya kufagia. Kasulu nimekwenda tena mara mbili.

Lakini nyuma ya jiko langu kuna madumu matatu ya oili chakavu, yaani ile niliyoimwaga mwanzoni, ile ya mchanganyiko wa T-IV na WS tuliyoitoa Gungu, na nyingine ya jirani aliyekuwa karibu kuimwaga mtaroni. Mtaro wa mtaa wetu unateremka moja kwa moja hadi Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo maji yake hukaa muda mrefu mno kabla ya kutoka, ambalo dagaa na migebuka yetu vinatoka humo, na ambalo tunalichangia na ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Zambia. Nimeuliza gereji mbili, na zote zimenijibu nimwage popote. Naomba Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji inijibu kupitia gazeti hili: madumu haya niyapeleke wapi?

Mwalimu mstaafu,
Mwanga, Kigoma